Magurudumu au Gia: Malalamiko ya Mtu Aliyekuja kwa Miguu

Mheshimiwa Mama Mwenyekiti,
Klabu ya Baiskeli,
Chumba cha nyuma, juu ya duka la rangi.

Kwa mkono wa Katibu (ambaye ni mke wangu, na ambaye namwomba, kwa heshima zote za ofisi yake, aruke lalamiko namba 4 na namba 6).

YAH: FUNDI KUKATAA KUNIHUDUMIA, KATIBU KUZIDISHA MWENDO, NA NAFASI ILIYO WAZI UBAONI

Shikamoo Mama.

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti lako la kushoto limetulia tangu uanguke kwenye ule mteremko mwezi uliopita. Mimi mwilini sijambo. Moyoni ndiko kwenye maneno, na kwa kuwa ulikuwa mkunga kwa miaka thelathini na umezoea kuwasikiliza watu wakilia kwa jambo ambalo lazima litoke tu, nimeona nikuandikie wewe kabla sijafika ngazi za juu zaidi.

Nijitambulishe kwanza, maana miezi kumi na minne sijaonekana Jumapili na huenda wanachama wapya wananihesabu miongoni mwa marehemu. Mimi ni mwanachama namba kumi na saba. Kazi yangu ni ukaguzi wa mizani. Nikiingia buchani, muuza nyama hunyooka na kidole chake huondoka kwenye sahani ya mizani chenyewe. Nimezoea ukweli wenye namba. Ndiyo maana mnaniita Bwana Gramu, jina ambalo sikujipa, ila sikulikataa pia.

Utakumbuka kwamba kwa miaka kumi na moja mimi na Katibu tulikuwa tukienda pamoja kila Jumapili asubuhi hadi daraja la chuma, kilomita kumi na nane, na kurudi. Yeye na baiskeli yake ya bluu, mimi na yangu ya kijani, na nyuma yangu, kwenye keria, chupa ya chai, ile kubwa, pamoja na vikombe viwili vya bati. Tukifika tunakaa kwenye ile nguzo fupi ya saruji, tunakunywa chai, tunawasema watu kidogo, tunarudi. Hakuna aliyekuwa akipima chochote. Nayataja haya kwa ajili ya kumbukumbu za klabu, si kwa kujihurumia.

Kisha nikaiona fremu. Ilikuwa imening'inia kwa fundi wa klabu, nyekundu, nyembamba, fremu ya baiskeli ya mbio. Niliinyanyua kwa vidole viwili, nikaishusha, nikainyanyua tena. Mama, mimi ni mtu mzima mwenye binti aliyeolewa, lakini siku ile niliinunua, nikarudi nyumbani nikipiga mluzi. Nikaamua kuunda baiskeli mpya kuanzia fremu hiyo, kifaa baada ya kifaa. Na hapa nilifanya kosa moja dogo ambalo watu wameligeuza wimbo: siku ileile niliifungua ile ya kijani yote, hadi nati ya mwisho, nione ni vifaa gani vingefaa kuhamia kwenye fremu mpya. Kilichofaa ni pampu.

Wahenga walisema usitupe mbachao kwa msala upitao. Lakini wahenga hawakuwahi kuishika fremu ile.

Tangu hapo kumebaki swali moja. Mfuko wangu unaruhusu kitu kimoja kizuri, si viwili: ama magurudumu mepesi, ama seti bora ya gia na breki. Nikichukua hiki, kile kitakuwa cha kawaida tu. Miezi kumi na minne sijachagua, na kosa si langu, kama utakavyojionea.

1. Fundi ana kauli tatu.

Nilipomuuliza mara ya kwanza, alinijibu vizuri kabisa: "Magurudumu, mzee. Uzito unaozunguka ndio unaomchosha mtu." Nilifurahi. Nilikwenda kuyapima kwa mizani ya ofisi (baada ya saa za kazi, na niliipangusa), nikakuta magurudumu mepesi yanapunguza gramu 412. Gramu 412, Mama! Hiyo ni karibu nusu kilo ya sukari ambayo mtu habebi tena. Nilikwenda kuwaambia majirani wawili.

Wiki iliyofuata nilirudi kuthibitisha tu, kama mtu mstaarabu. Nikamkuta amepiga magoti anarekebisha gia za mtu mwingine, na bila kugeuka akasema: "Gia, mzee. Ukifika mlimani huna gia nyepesi, hayo magurudumu yako utayasukuma kwa mkono." Nikarudi nyumbani, nikachora jedwali upya. Seti ya gia inapunguza gramu 187 tu, lakini ina lile duara la nyuma lenye meno mengi ambalo hata mgonjwa hupandia mlima. Sasa niambie, unailinganishaje gramu na meno? Nilijaribu kwa siku nne. Njia mbili zilimshinda fisi, naye fisi hakuwa na jedwali.

Wiki ya tatu nilimpelekea jedwali lenyewe, kurasa sita. Aliliangalia, akafutia mkono wenye grisi kwenye ukurasa wa tano (nadhani ilikuwa bahati mbaya), akasema: "Panda chochote, mzee." Panda chochote! Daktari akimwambia mgonjwa ameze chochote, si angefungiwa?

2. Kigoda.

Fundi ana desturi ambayo sijawahi kuiona kwa fundi mwingine yeyote. Mteja akitaka kuchagua gurudumu, humkalisha kwenye kigoda kilichoegemezwa ukutani, hulining'iniza gurudumu mbele yake, hulizungusha kwa mkono mmoja, kisha huenda zake kufanya kazi nyingine. Mteja hukaa hapo mpaka gurudumu lisimame. Haruhusiwi kuligusa. Anasema sikio litamwambia mtu beringi zikoje kabla mdomo wa muuzaji haujafunguka.

Mimi nimekaa kwenye kigoda hicho mara kumi na mbili. Gurudumu jepesi lilizunguka dakika nne na sekunde kumi na moja. La kawaida lilizunguka dakika nne na sekunde tisa. Nilimuuliza fundi hizo sekunde mbili zina maana gani kitaalamu. Akasema zina maana kwamba mimi najua sana kukaa. Mama, wateja wawili walicheka, na mmoja wao hana hata baiskeli, alikuja kuazima bisibisi.

3. Sheria ya mlangoni. Hapa ndipo penyewe.

Juu ya mlango wa karakana kuna maandishi ya rangi nyeupe: SIPOKEI ODA YA ALIYEKUJA KWA MIGUU. Maelezo ya fundi ni kwamba hawezi kumwagizia mtu kifaa kabla hajaona anavyoendesha. Huangalia mtu anavyokaa kitini, mnyororo wake umelika wapi, soli ya kiatu imechakaa upande gani. "Baiskeli ndiyo inayoniambia ukweli," husema. "Mwenyewe hunidanganya tu."

Sasa ona mtego huo. Ili niagize baiskeli, lazima nije na baiskeli. Baiskeli sina, kwa sababu ndiyo hiyo naiagiza. Ya kijani iko kwenye beseni, vipande vipande. Nimekwenda karakana mara tisa nikiwa na fremu begani, jasho linanitoka, na mara tisa fundi amenionyesha maandishi kwa bisibisi. Mara ya tisa nilijaribu kuingia nikiwa nimeipanda, yaani fremu iko katikati ya miguu, nimeishika mbele kwa mikono, natembea. Fundi aliinama akaangalia viatu vyangu. Akasema hiyo bado ni miguu.

Halafu, na hili ndilo lililoniuma, akaniazima mbele ya watu baiskeli ya karakana: lile dude la chuma la kubebea kreti za soda, lenye keria pana kama meza. "Zunguka jengo mara moja tu, mzee, urudi hapa mlangoni. Tutaandika oda yako leo leo." Nilikataa. Mtu anayetafuta kupunguza gramu 412 hawezi kupanda kitu cha kilo thelathini na moja. (Nililipima.) Fundi akasema kama ni gramu ninazotafuta, ziko nyingi tu chini ya vifungo vya shati langu, na hizo hazihitaji kuagizwa. Maneno hayo nimeyaandika hapa kama yalivyo ili kamati isije ikasema nimetia chumvi.

4. Mwendo wa Katibu. (Mke wangu, tafadhali geuza ukurasa.)

Nilipoacha kuendesha kwa muda ili nichague vizuri, nilitarajia kwamba mwenzangu naye angepumzika. Sivyo. Jumapili ya kwanza alikwenda na klabu. Ya pili akaenda. Sasa ana mapaja ambayo hayakuwapo tulipooana. Zamani tulikuwa tukifika darajani kwa saa moja na dakika ishirini, tena tukisimama kuangalia mbuzi. Sasa Katibu anafika kwa dakika hamsini na mbili, kwa baiskeli ileile ya bluu, magurudumu yaleyale, gia zilezile ambazo moja haiingii kabisa.

Mama, kitaalamu hili haliwezekani, na linaniharibia hesabu. Kila wiki anapoongeza mwendo, mimi nahitaji baiskeli nyepesi zaidi ili nimfikie. Mwezi wa kwanza zilitosha gramu 412. Mwezi wa sita nilihitaji kupunguza kilo tatu. Kufikia Jumapili iliyopita nahitaji kupunguza kilo tisa, na baiskeli nzima ikikamilika itakuwa na kilo nane. Maana yake inatakiwa iwe na uzito wa kilo moja pungufu ya hakuna kitu. Nimemuuliza fundi kama zipo. Amenionyesha maandishi ya mlangoni.

Katibu ameniambia mara nyingi, "Njoo hivyohivyo mume wangu, kwa baiskeli yoyote. Nitaenda pole." Hiyo ni dharau au ni huruma, na mizani yangu haipimi chochote kati ya hivyo viwili.

Sitaficha jambo hapa, maana mkunga hafichwi. Jumapili saa kumi na mbili na nusu asubuhi nasikia lango likifungwa. Nabaki na fremu na jedwali. Nyumba inakuwa kimya kama maji ya mtungi. Ile chupa kubwa ya chai iko juu ya kabati, haijashushwa tangu mwaka jana. Yeye siku hizi hubeba kichupa cha kikombe kimoja. Nimekipima kikiwa kimejaa. Gramu 640. Nilipokuwa nakipima niliona uchungu ambao sikuuelewa, nikarudia kupima, ikawa vilevile.

5. Fremu nyekundu niliitundika sebuleni ili nifikiri vizuri. Sasa inaanikiwa taulo. Kengele ya ile ya kijani iko jikoni na ndiyo inayotumika kuniita mezani. Binti yetu akipiga simu husema, "Shikamoo baba, magurudumu au gia?" kisha hacheki yeye peke yake, nasikia na mume wake nyuma. Siwashitaki, naonyesha tu hali ya nyumba.

6. Daktari wa meno. (Mke wangu, huu nao ukurasa uugeuze.)

Mwezi ujao, kama unavyojua kwa kuwa ulitia saini tangazo mwenyewe, kuna Mzunguko wa Wawili, hadi daraja la chuma. Wanachama huenda wawiliwawili, na saa haisimamishwi mpaka yule wa pili afike. Fomu imebandikwa ubaoni kwenye chumba cha klabu na itaondolewa Ijumaa saa kumi jioni. Nimepata habari kwamba kwenye mstari wa sita limeandikwa jina la Katibu, na pembeni yake pako wazi.

Habari hizo nilizipata kwa njia mbaya. Nilikwenda kutazamwa jino. Daktari wetu wa meno, ambaye nawe unamfahamu, mwenye magurudumu mepesi kuliko wote hapa mjini na soksi za rangi moja na kofia, alinilaza kwenye kiti, akanijaza pamba na vyuma mdomoni, kisha akaniambia kwa upole kabisa: "Bwana Gramu, naona kwa Katibu pako wazi. Kwa kuwa wewe bado unachagua, hutajali nikijiandika pale?" Nikasema, "Aaa." Akasema, "Ahsante sana ndugu yangu, nilijua utaelewa."

Mama Mwenyekiti, "aaa" si idhini. "Aaa" ndiyo sauti pekee ambayo binadamu anaweza kuitoa katika hali ile. Natamka rasmi kwamba nilikuwa nikimaanisha hapana, na nina pengo jipya la kuthibitisha kwamba nilikuwa pale. Najua watu husema asiyekuwepo na lake halipo. Lakini mimi nipo. Nipo nyumbani, nachagua.

7. Mlima wa shule.

Kijitabu cha klabu kinasema mlima huo, ulio kwenye njia ya kwenda darajani, una urefu wa mita 900. Kwa kuwa mahesabu yangu yote yamesimama juu ya mita hizo 900, niliona si vibaya kuukagua kama ninavyokagua mizani. Niliupima kwa kamba ya ofisi, Jumamosi, kwa miguu, kutoka chini hadi kwenye geti la shule. Ni mita 1,140. Klabu imekuwa ikipunja mlima kwa mita 240 na hakuna aliyesema. Kwa hiyo majedwali yangu yote ya miezi kumi na minne ni batili, na si kwa uzembe wangu. Nilipokuwa nimeinama na kamba, Katibu alinipita akipanda. Alinipita tena akishuka. Akipanda mara ya pili alinipigia kengele.

MAOMBI

Kwa hayo yote, naiomba kamati yako tukufu itende yafuatayo, na nimeyapanga kuanzia lililo jepesi.

Fundi aamriwe kufuta maandishi ya mlangoni, au aongeze maneno "isipokuwa Bwana Gramu". Pia achague kauli moja kati ya zile tatu, aiandike, aitie saini mbele ya mashahidi.

Katibu atakiwe kubeba mzigo wa kumrudisha kwenye mwendo wa ndoa. Napendekeza mfuko wa mchanga wa kilo tisa, ambao nitaupima mwenyewe na kuutia lakiri ya ofisi ili usiguswe njiani. Kamati ikiona kilo tisa ni nyingi, niko tayari kushuka hadi nane na nusu.

Njia ya daraja ibadilishwe ili iwe mteremko wakati wa kwenda na mteremko wakati wa kurudi. Fundi ameniambia haiwezekani, lakini huyu ni mtu asiyetaka hata kuandika oda. Njia hiyo isipopatikana, basi daraja lisogezwe. Nimezungumza na jamaa yangu wa idara ya barabara kuhusu kulileta hadi kilomita sita kutoka hapa. Alicheka sana. Ila hakusema hapana, na kama ilivyo kwa "aaa", sote tunajua umuhimu wa neno hilo.

Yote hayo yakishindikana, naomba Jumapili zisimamishwe kwa muda. Sisemi zifutwe. Zisimame tu, mtu akitoka Jumamosi aingie Jumatatu, mpaka nitakapokuwa nimechagua kati ya magurudumu na gia. Nakadiria miezi minane. Na fomu ya Mzunguko wa Wawili ibaki ubaoni kipindi chote hicho, nafasi ile ikiwa wazi vilevile, na penseli zote za daktari wa meno zihifadhiwe ofisini kwako.

Nakushukuru kwa subira yako, ambayo najua ni ya kitaaluma. Nisalimie kamati yote kwa mpangilio wa vyeo, mweka hazina na kikohozi chake, na yule dada wa duka la rangi aliyeniazima penseli nyekundu ya jedwali la nne. Msalimie hata fundi, ila usimwambie salamu zimetoka kwangu. Nyumbani kwako wote nawasalimu, pamoja na goti.

Wako katika kusaka haki, kwa uzito ulio sahihi,

Bwana Gramu
Mwanachama namba 17
(Nakala: Fundi, Daktari wa Meno, jamaa wa idara ya barabara, jalada la nyumbani)

N.B. Mama, bahasha hii nimeifungua tena, ndiyo maana gundi imekaa vibaya.

Leo, Alhamisi, baada ya chakula cha mchana, niliileta mwenyewe kwenye chumba cha klabu. Nilikuwa sijapanda ngazi zile miezi kumi na minne. Sanduku la barua liko chini ya ubao, na mtu akitaka kutumbukiza barua lazima macho yake yakutane na fomu, apende asipende. Nikautazama mstari wa sita. Ni kweli daktari wa meno alijiandika. Alama ya penseli yake bado inaonekana ukiinama. Imefutwa kwa raba. Juu yake, kwa wino, kwa mwandiko ule unaoegemea kulia ambao nimeusoma kwenye orodha za sokoni kwa miaka ishirini na sita, pameandikwa: Bwana Gramu. Na kwenye safu ya mwisho, ile inayouliza aina ya baiskeli, ambako wenzangu wote wamejaza majina marefu ya viwanda, yeye ameandika neno moja: yoyote.

Nilikaa kwenye ngazi kidogo. Kisha nilikwenda karakana kwa miguu, nikapita chini ya maandishi bila kuyasoma, nikachukua lile dude la kreti za soda, nikazunguka jengo. Fundi alisema mara moja. Nilizunguka mara tatu, kwa sababu mara ya kwanza sikujua breki ziko wapi na ya tatu nilikuwa nafurahi. Niliporudi mlangoni alinitazama viatu, akatazama nilivyokaa, akachukua kalamu. "Haya mzee, sasa umekuja na baiskeli. Tuagize nini? Magurudumu au gia?"

Nilisema keria. Imara, ya nyuma, ya chuma. Ile ya zamani nilipoifungua niliipinda, na ya kijani ataiunganisha yeye kesho kutoka kwenye beseni. Fremu nyekundu itabaki sebuleni, taulo zimeizoea.

Kwa hiyo naomba upuuze namba 1 hadi 7 pamoja na maombi yote, isipokuwa la mteremko, ambalo linaweza kubaki kwenye ajenda. Ningeichana barua hii kabisa, ila jalada la nyumbani ni droo ambamo Katibu huweka stempu, na jioni hii ameshaisoma nakala, pamoja na kurasa nilizomwomba azigeuze. Kwenye kilo za mchanga alicheka mpaka akakaa chini. Alipofika kwenye lango na kichupa hakucheka. Alipanda kwenye kiti, akaishusha ile chupa kubwa kutoka juu ya kabati, akaifuta vumbi, akaniwekea mezani.

Nimeipima ikiwa imejaa, na vikombe viwili. Kilo mbili na gramu mia moja. Nitaibeba mimi.